Kitabu Nilichokuficha

Mwalimu Syombua,

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike kwenu Mitaboni, na bado nikifungua darasa la Gredi ya Tatu asubuhi naweka viti viwili karibu na kabati la vitabu. Halafu nakumbuka. Narudisha kimoja.

Miaka minne ulinifunza kazi, ukiniita mwiitu wakwa, binti yako, hata mbele ya wazazi. Sasa binti yako ana jambo la kukuambia, na ni heri niandike kwa sababu kwa mdomo nilishindwa.

Unakumbuka siku tulipoenda mjini kuchagua vitabu vya darasa? Mimi nilitazama jalada na uimara wa karatasi. Wewe ulikuwa unatafuta picha ya jikoni. Kitabu chochote, kwanza jikoni. "Mtoto akikosa chakula cha kwao kitabuni," ulisema, "atajua yeye ni mgeni." Muuzaji alituchoka. Ukachukua cha watu wa ziwani wakila samaki, cha nyanya akichambua muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, hata kimoja cha theluji, ili wajue dunia ni kubwa. Mwisho ukashika kile cha msichana wa hijabu na mama yake wakipika anjera, ule mkate mwembamba wa kwao. Ukasema hicho ni cha Hodhan.

Hodhan wetu, binti wa yule mzee anayeuza ng'ombe, Msomali pekee darasani, ambaye hakusoma kwa sauti hata umbembeleze vipi.

Mwalimu, mimi ndiye nilikitoa. Siku ya kupanga kabati, wewe ukiwa kliniki, nilikitia kwenye droo yangu nikafunga na ufunguo. Ukurasa mmoja ulikuwa na familia ikiswali, nami nikaanza kuwasikia wazazi wakiniuliza nawafunza watoto wao dini gani. Hakuna aliyeuliza. Hadi leo hakuna. Ni woga wangu tu uliotangulia.

Halafu hospitalini, ukiwa umebaki na sauti kidogo tu, uliniuliza kama Hodhan amekipenda kitabu chake. Nikasema, "Amekipenda sana." Ukatabasamu, ukafumba macho. Aki Mwalimu, tabasamu hilo linaniuma kuliko siku ya mazishi yenyewe. Ulienda na uongo wangu.

Jumatatu baada ya kukuzika nilikiweka rafu ya chini, mahali mkono wa mtoto unafika. Wakati wa mapumziko Hodhan akakipata, akafunua mpaka jikoni, akaketi sakafuni pale pale. Akaanza kusoma. Kwa sauti, Mwalimu! Ile sauti tuliyoingoja mwaka mzima, na wewe hukuwepo. Wenzake Kyalo na Mwende wakasogea kumuuliza anjera iko na ladha gani, naye akawaonyesha kwa mikono vile mama yake anazungusha unga uliochachuka kwenye kikaango. Nilitoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji.

Aliporudisha kitabu aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kilikuwa wapi?"

Sikuweza kudanganya mara ya pili. Nikamwambia kilikuwa kwenye droo yangu, kwamba niliogopa, na kwamba wewe ulimchagulia yeye tangu mwanzo. Akapangusa jalada kwa kiganja.

"Na sikumwambia asante," akasema.

Hapo ndipo nilijua nilichowaibia nyinyi wawili. Nisamehe, mwalimu wangu. Sina pa kukirudisha.

Droo haifungwi tena. Vitabu vipya vikija nitaanza jikoni, na kimoja kikinitia woga, nitakiweka mbele kabisa. Shule ikifungwa nitakuja na Hodhan kwenye kaburi lako, baba yake amekubali. Atakusomea ule ukurasa wa anjera. Mimi nitasimama nyuma yake, niwaachie nyinyi wawili ile asante.

Pumzika, mama.

Binti yako,
Mbithe