Vikopo vya Chelangat na Banda la Kaka Yako

S.L.P. 87,
Elburgon.
14 Juni 2025.

Mpendwa shemeji Kosgei,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu kwenye baridi. Hujambo wewe, na Nekoye na watoto hawajambo huko Kanada? Mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi tu wazima, Mungu ni mwema, isipokuwa goti langu ambalo hulalamika mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua haijalipa nafasi ya kupumzika.

Ningekupigia simu, lakini kwa simu wewe husema "sawa sawa" kabla sijamaliza. Jambo hili linataka usome mpaka mwisho, kwa maana limenichanganya kabisa.

Unajua tangu kaka yako Kipkemei atutoke, banda la kupasulia mbao limefungwa. Sasa ni letu, mimi na wewe, na linatakiwa na watu wawili. Kiarie, yule mfanyabiashara wa mbao, anataka tumuuzie. Binti yangu Chelangat naye anataka tumwachie, atengenezee humo vikopo vya kuoteshea miche. Kiarie nimemwambia angoje mpaka Agosti.

Vikopo vyenyewe ndivyo vinavyoniumiza kichwa. Ni plastiki, lakini si plastiki. Imetokana na wanga wa mahindi, na kwa kuwa ni ghali, Chelangat huiongezea vumbi la mbao, lile lile tulilokuwa tukishindilia kwenye jiko, na lililobaki likachomwa likatukohoza mtaa mzima. Akizidisha vumbi, kikopo kinapasuka. Akipunguza, bei inapanda. Mpaka hapo naelewa, ni kama kukanda unga wa chapati. Kisha ananiambia sifa yake kubwa ni kwamba ukikizika pamoja na mche, kinaoza! Shemeji, kaka yako alisifu nguzo kwa jinsi inavyokataa kuoza. Nitampaje banda lake mtu anayetengeneza kitu ili kipotee?

Mwaka jana msimu wa mvua alinipa miche minne ya mtarakwa katika vikopo hivyo. Mitatu niliipanda mbele ya nyumba, mmoja kichwani pa kaburi la Kipkemei. Unanijua, mimi ni mtu wa kufunua sufuria ya wali kila mara. Basi kila nikipita nilichimbua mmoja nione kama kikopo kimeoza. Nakikuta kipo. Narudishia udongo, siku chache nimerudi tena. Yote mitatu ikakauka, nami nikasema basi, vikopo hivi vinaua miche, heri Kiarie.

Chelangat alipoona mashimo alishika kiuno. "Mum, kwani wewe ni kuku? Hii kitu inaoza pole pole. Si ungeiwacha tu ikae?" Nilimjibu kwamba kama inaoza, ioze tuone. Alicheka, lakini hakufurahi, na tangu hapo hajanitajia banda.

Ule wa kaburini sikuugusa. Nani atachimba juu ya mumewe kutafuta plastiki? Nao umenifika magotini, kijani kibichi, baridi yote hii hauijali.

Kwa hiyo sijui, shemeji. Labda kikopo kimeoza, labda kiko huko chini kimebanwa na mizizi. Jana asubuhi nilisimama pale na jembe mkononi, nikamwangalia kaka yako, nikaona haya, nikalirudisha jembe ghalani. Halafu nikarudi ndani nikijua nataka Chelangat apewe banda. Usiniulize nimefikaje hapo, mwenyewe sielewi, na naogopa pia. Niandikie kama unakubali.

Msalimie sana Nekoye, na Makhanu, mtoto wenu wa mwisho. Chelangat anawasalimu, na mama Chepchumba jirani hakuachi katika maombi yake. Bwana awafunike nyote huko kwenye nchi ya theluji, awarudishe salama.

Mkija, nitakuonyesha mti. Kikopo usiniulize, maana pale sitachimba kamwe.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Jepleting.