Viti Viwili vya Mbele

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Hata paka aliyetoroka amerudi, mnene kuliko alivyoondoka.

Umeniuliza kwa nini viti viwili ulivyotuwekea pale uwanja wa katikati ya mji vilibaki vitupu. Baba hakuumwa, nilikudanganya. Yeye nilimwambia onyesho limeahirishwa. Unamjua: angesimama katikati ya muziki na kupaza sauti, "Yule wa tarumbeta ni wangu! Koti lile nimelishona mimi!" Na wenzangu wote wa ofisini wangekuwepo. Niliona haya. Onyesho la bure, mji mzima umealikwa, nami nikamnyima baba yangu mwenyewe.

Alikuwa keshavaa suti. Hakuivua. Alivuta kiti hadi dirishani, na jioni upepo ukatuletea okestra yenu mpaka ndani. Nikajitia kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Tarumbeta ilipolia peke yake, alifumba macho. Ilipokoma, akapiga makofi.

"Mwandikie kaka yako," akasema. "Mwambie mazoezi yao nimeyasikia, yamenoga. Onyesho lenyewe ni lini?"

Suti ameitundika mlangoni. Kila asubuhi ananiuliza. Nisaidie kumjibu.

Mdogo wako