Kompyuta za Mganga Mfawidhi

Korogwe, Jumanne

Basi leo mganga mfawidhi, yule aliyeniita mwongo mbele ya mhariri wangu, alikuwa akiwaonyesha wageni kompyuta mpya za hospitali. Waliokalishwa kuzibonyeza ni wauguzi wa wodini. Mama mmoja wa Segera akaingia.

"Nesi, dripu ya mwanangu imekwisha. Kumbe mko huku mnapigwa picha?"

Wageni wakatazamana. Nesi mmoja akakimbia wodini.

Baadaye bwana mkubwa akanifuata getini, mpole kabisa. "Dada yangu, andika pia kwamba nimeomba wauguzi kila mwaka, sipewi."

Ni kweli, nimehakikisha mkoani. Bila maneno hayo, habari yangu ikitoka, wakubwa wake watamwondoa.

Nimeyaandika, neno kwa neno. Nimeyaweka aya ya mwisho, ambako mhariri huanza kukata.