Mke Mmoja Kwenye Karatasi

Mjukuu wangu Zamzam,

Asalaam aleikum. Hapa Kibra tu wazima, na dadako amejifungua mtoto wa kiume. Unauliza kama serikali ya wazungu ilitulipa kwa haki.

Babu yako alipofia vitani, mimi na mke mwenzangu Halima tuliitwa ofisini. Karani akasema pensheni ni ya mke mmoja tu. Halima ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini alinitazama nilivyokuwa na mimba ya babako, akasema, "Mwandike huyu."

Haki ingetuandika sote, mjukuu wangu. Basi kila mwezi tulikwenda pamoja kuichukua, tukala pamoja, tukamlea mtoto pamoja. Hadi leo babako akiita "Mama!" tunaitika sote wawili.

Nyanya yako