Jibu la Kitanda cha Dirishani

Machakos,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa Wavinya,

Pokea salamu zangu na za mume wangu Muli. Natumai huko Athi River mko salama, na kifua chako kimepata nafuu tangu wakuhamishe pale kiwandani kutoka upande wa vumbi. Sisi tunamshukuru Mungu. Mwaitu, mama yetu, anakusalimu, ila analalamika kwamba mbaazi zimeliwa na wadudu. Usishangae sikukupigia simu. Haya si mambo ya kusimulia huku mtandao ukikatika.

Unajua nililazwa hospitali kwa kuvimba miguu kwa ajili ya mimba. Asubuhi yake, Daktari Musau, anayefundisha wanafunzi wa udaktari, alinipima tumbo kimya kimya, kisha akaniomba nikubali wanafunzi wake wafanyie mtihani kwangu. Mama aliyekuwa amechaguliwa kwa mtihani huo, yule wa kitanda cha dirishani, alishikwa na uchungu alfajiri akapelekwa kujifungua. Nikahamishiwa kitanda chake. Wanafunzi hawakuambiwa.

Wakaingia mmoja mmoja. Wa kwanza, kijana mtanashati aitwaye Wesley, alinigusa tumbo, akainamia kile kipembe cha kusikilizia mtoto, na kabla sijavuta pumzi alikuwa amemaliza. Akamwambia daktari kwamba mtoto ni mmoja, kichwa kiko chini, moyo unasikika upande wa kushoto. Wa pili akasema hivyo hivyo. Waliofuata pia, maneno yale yale, kama watoto wa katekisimu. Daktari aliandika tu. Nilibaki nikijiuliza ni kusoma kwa namna gani huku, watu kunigusa wote na asiwepo hata mmoja aliyenisikiliza.

Mwishowe akaingia msichana mwembamba, Kalekye. Aliniomba ruhusa kwanza, akapasha mikono yake moto kwa kuisugua. Alisikiliza, akamgeukia daktari, akaanza, "Mtoto ni mmoja," halafu akajikatiza. Akaomba arudie. Dada, aliinama pale hadi nikadhani amesinzia. Alihamisha kipembe huku, akakirudisha kule. Alipoinuka, uso ulikuwa umelowa machozi.

"Daktari," akasema, "jibu nililoanza kukupa nililetewa jana. Tuliletewa sote. Lakini si la huyu mama. Yeye ana mioyo miwili tumboni, na kila mmoja unapiga kwa mwendo wake."

Daktari alimwuliza kama anaelewa amejishtaki mwenyewe. Akajibu kwamba anaelewa. Kisha akanishika mkono, akauweka juu ya mgongo wa mtoto mmoja, akauvuta polepole hadi kwa wa pili. Wavinya, nimezaliwa kanisani na nimeimba zaburi miaka yote, lakini siku hiyo ndiyo niliyojua maana ya kumcha Mungu. Watu wawili walikuwa ndani yangu na sikujua. Na mtoto wa wenyewe alikuwa ametupa masomo yake mbele yangu ili asiseme uongo juu yao.

Mtihani ulifutwa. Kalekye amesimamishwa masomo pamoja na wenzake, nao hawamsalimu. Jana Wesley alikuja hapa nyumbani, akaniomba niwaambie wakuu wa chuo kwamba wodi ilikuwa na kelele na sikusikia neno. Alilia. Nilimpa chai, maana naye ni mtoto wa mtu, lakini nikamwambia siwezi.

Sasa nikufunulie nililokuficha. Nimeshajifungua, Jumanne iliyopita. Ni wasichana wawili. Wa pili alikuwa amelala kombo, na madaktari walikuwa wamejiandaa kumpokea. Wote ni wazima. Nilimkataza Muli asikuambie, nikitaka ulipate kwangu.

Alhamisi chuo kinasikiliza kesi ya wanafunzi hao. Hawakuniita. Nitaenda nibishe mlango, niwaambie Kalekye alivyokiri bila kushurutishwa na mtu, na alivyonisikiliza. Njoo Jumatano uwashike watoto, maana chumba kile nataka kukiingia mikono ikiwa mitupu na kichwa kikiwa juu.

Msalimie shemeji na watoto, uwaambie wana wadogo zao wawili wanaowasubiri. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
Kamene.