Tela Letu Lilivyobaki Bondeni

Mwanga, Kigoma
Aprili 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje na baridi hii ya masika ya Same? Kaka Noel na watoto wake hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili. Nimeanza na hilo makusudi, maana huenda redio imekwisha kukutia hofu.

Jumatatu iliyopita tulitoka hapa alfajiri kwenda kuchanja watoto vijijini. Tulikuwa watatu: mimi, dereva wetu Mzee Mwinshehe wa Ujiji, na muuguzi mwenzangu Marcelina, binti wa Kiha. Nyuma ya Landrova tulikokota tela la kulala, kile kijumba cha bati chenye vitanda na jiko nilichowahi kukueleza. Mvua ilikuwa imekwisha kuila barabara. Kabla ya Kidahwe tela lilizama matopeni tukalisukuma hadi viatu vikatuvuka. Mbele likapasuka gurudumu. Mchana Marcelina alisema angeweza kulala amesimama kama punda, tukacheka, na hicho ndicho kicheko cha mwisho siku ile.

Kwenye mlima mmoja tulikuta gogo limelazwa njiani. Mzee Mwinshehe alielewa upesi akaanza kurudi nyuma, lakini tela halirudi kama gari, Mama. Lilijikunja, likaelekeza mgongo bondeni, tukakwama. Wakatoka wanaume wawili, mmoja na bunduki, mwingine na panga. Wa bunduki hakuuliza kitu. Alimpiga Mzee risasi ya paja kupitia mlangoni. Wa panga alimvuta Marcelina nje kwa nywele, akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga, meno yakamwagika matopeni. Kisha akaingia ndani ya tela kukusanya mablanketi na vyakula.

Wa bunduki alitaka gari. Aliniamuru nilifungue tela kutoka kwenye gari haraka, akasimama nyuma ya hilo tela kuangalia barabara ya chini. Niliona hakuna jiwe hata moja la kuyazuia magurudumu ya tela. Nilimtazama Mzee Mwinshehe, ameshika paja kwa mikono miwili, naye akafumba macho. Nikachomoa pini iliyolishika tela na gari.

Tela liliondoka polepole kwanza, kama ng'ombe anayeamka. Yule mtu aligeuka akafyatua risasi, ikapasua kioo karibu na sikio langu. Halikumpa nafasi ya pili. Lilimwangusha, likampitia kifuani, nikasikia mifupa yake, kisha likapinduka bondeni na mwenzake ndani.

Nilimfunga Mzee paja kwa kanga yangu. Niliwapakia wagonjwa nyuma, nikisema wagonjwa namaanisha wenzangu, nikageuza gari na kuliendesha mwenyewe mpaka hospitali ya mjini, kwa ujuzi ule mdogo wa trekta alionifundisha marehemu Baba. Mzee Mwinshehe yu hai, ingawa mguu umekatwa juu ya goti. Marcelina anakunywa uji kwa mrija. Mjini wananiita shujaa. Sokoni wananiongezea dagaa. Wengine wanasema wale walikuwa wakimbizi, wengine wanasema ni watu wa hapahapa. Wameshampiga mkimbizi mmoja muuza viazi mpaka akazirai, naye hana analolijua.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Kabla hatujaondoka, yule wa ndani ya tela alianza kulia kule bondeni. "Mawe! Mawe we!" Ndivyo wanavyomwita mama huku. Marcelina, mdomo umejaa damu, alinishika mkono akasema, "Dada, yu hai. Tushuke." Nikamjibu kwamba Mzee atatufia. Uongo, Mama. Damu ya Mzee ilikuwa imekwisha kusimama, na bonde halikuwa refu. Sikushuka kwa sababu nilitaka afe. Nilikaa nyuma ya usukani nikamsikiliza kwanza, ndipo nikawasha gari. Polisi walimkuta asubuhi ametambaa hadi ukingoni mwa barabara, amekufa, kijana kama mdogo wetu wa mwisho. Marcelina hanisalimii tena.

Usimsomee Noel sehemu hii. Niombee, lakini usiniandikie kwamba sikuwa na la kufanya.

Wasalimie majirani wote, na shangazi umwambie vitenge vyake nimevipata. Mungu akulinde hadi tuonane uso kwa uso.

Mwanao akupendaye,
Elinipa