Shamba la Baba Mkubwa ni Sifuri

Alhamisi. Likawage, mvua tangu asubuhi.

Barabara ya kurudi Masoko imekatika, hakuna bodaboda anayekubali kwenda, na mimi nimejifungia chumbani kama mwali. Nilikuja likizo kumsalimia mama, sasa nimenasa.

Nimenaswa na hesabu, mimi mwalimu wa hesabu. Makubwa haya.

Kesho baada ya swala ya Ijumaa ndugu wanakaa kuthibitisha mpaka kati ya shamba la Baba Mkubwa na mikorosho aliyotuachia marehemu baba. Shamba lake ni la pembetatu. Kalipima mwenyewe kwa futi kamba, akanipa pande nimtafutie eneo: mita tisini, sitini, na mia na hamsini. Huo mrefu ndio unaopakana na mama. Tena katangaza mbele ya watu kwamba atakachosema mwalimu ndicho, hakuna wa kubisha.

Nikatumia ile kanuni ya pande tatu, isiyohitaji kimo. Unajumlisha pande zote, unagawa kwa mbili, unapata mia na hamsini. Kisha kwenye hiyo nusu unatoa kila upande, na yote unayazidisha pamoja na hiyo nusu, mwisho unatafuta kipeuo cha pili. Mia na hamsini toa mia na hamsini, hakuna kitu. Na hakuna kitu ukikizidisha na chochote, unajua mwenyewe.

Nimerudia mpaka kichwa kinaniuma. Sifuri.

Yaani tisini na sitini zinalala juu ya ule upande mrefu, mstari mmoja, katikati hapabaki hata pa kuchomeka shina la muhogo. Lakini shamba lipo, nimepalilia humo tangu utotoni. Basi upande wa mama umerefushwa. Kona ya shamba ukiisogeza kuingia kwa mama, pande mbili zinazokutana hapo zinabadilika. Yeye kabadilisha mmoja akadhani yameisha. Na huko alikoisogezea ndiko iliko mikorosho ya mama inayozaa kuliko yote.

Nina hasira naye. Na ninampenda, hapo ndipo panaponiuma. Baba alipofariki ni yeye aliyenilea, akinipeleka shule kwa baiskeli kwenye tope hili hili.

Nikamwambia mama jikoni. Akaendelea kupepeta mchele, halafu akasema, "Usije ukamwaibisha baba yako mbele za watu. Wewe msomi, huwezi kupata jibu lingine?"

Nikibuni jibu lingine, mikorosho yake imekwenda, na nitakuwa nimeitoa mimi.

Alasiri Baba Mkubwa kapita, nikamwamkia. "Marahaba, mwalimu wangu. Hesabu imekubali?"

Nikasema imekubali. Akaenda zake ameridhika.

Haijakubali, na mimi siwezi kuilazimisha. Kesho nitasoma namba zake kama alivyonipa na jibu kama lilivyotoka. Sitamwita mwongo. Nitaomba tu twende tukapime upya, yeye ashike futi kamba upande huu, mama ashike ule.

Hapo atajua kwamba ninajua. Sijui kama ataniita tena mwalimu wangu.